Tumesaili watu 9 kwa nafasi ya mhasibu wa ngazi ya kati na kiti bado kiko wazi: kosa liko wapi?

#1 Mleta Mada

Ndugu wana jukwaa, ninawasalimu. Ninasimamia utawala na fedha katika kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi, yenye wafanyakazi 23 na ghala moja Vingunguti, Dar es Salaam. Mhasibu wetu aliacha kazi mwezi Machi, na tangu hapo tumetangaza nafasi yake mara mbili, tumesaili watu 9, na mpaka ninapoandika haya kiti chake kiko wazi, huku vocha zikiwa zimejaa kwenye maboksi mawili pembeni mwa meza yangu. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ninaiwasilisha mwenyewe kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, kwa hofu, na usiku wa kuamkia siku hiyo silali vizuri.

Tangazo letu lilisema hivi: anahitajika mhasibu wa ngazi ya kati, mwenye shahada ya uhasibu na CPA(T) (cheti cha kitaaluma cha Bodi ya Wahasibu, NBAA), uzoefu usiopungua miaka 5 na umri usiozidi miaka 35, atakayekaa ofisini siku zote za kazi, atapokea fedha za mauzo na kuzipeleka benki, ataandaa mishahara, atawasilisha ritani zote za TRA (Mamlaka ya Mapato), atasimamia hesabu za ghala, atafunga hesabu za mwezi na za mwaka, atawahudumia wakaguzi wa nje, na atafanya kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mkuu wake. Mshahara ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Wenye CPA waliokuja walituuliza mshahara kabla hawajakaa vizuri, wakashukuru, wakaaga. Wasio na CPA walijibu maswali ya nadharia kama wanaosoma kitabuni, lakini mmoja wao nilipompa taarifa ya benki ya mwezi mmoja pamoja na daftari la fedha, alivitazama kwa dakika 20 kisha akaniuliza tunatumia programu gani. Yupo mmoja tu ambaye wote watatu tuliokuwa upande wa pili wa meza tulimpenda. Tulimwandikia barua ya ajira, akaomba siku mbili za kufikiri, kisha akakataa kwa adabu bila kutoa sababu. Ninaomba mawazo ya waliowahi kuajiri kwa nafasi kama hii, na ya wahasibu wenyewe, kwa sababu nimeanza kuamini kwamba kosa si la waombaji.

#2 Mkaguzi wa Zamani

Mkuu, kosa si la waombaji, na ninashukuru kwamba umelitaja mwenyewe kabla hatujakuumiza. Nilikagua hesabu za makampuni ya ukubwa wa kwako kwa miaka 11, na tangazo kama hilo nimelikuta katika mafaili ya ajira mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulisoma nikiwa nimefumba macho. Umetangaza kazi za watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Anayepokea fedha za mauzo na kuzipeleka benki ni mtunza fedha. Anayeandika leja, anayeandaa mishahara na ritani na kufunga mwezi ni mhasibu. Anayetayarisha hesabu kamili za mwaka na kuzitetea mbele ya wakaguzi ni mhasibu mkuu, au ni mtaalamu wa nje mnayemlipa kwa kazi hiyo mara moja kwa mwaka.

Wengi hudhani ubaya wa kuwaunganisha watu hao watatu ni kwamba kazi itakuwa nyingi. Hilo ni dogo. Ubaya wenyewe ni kwamba mtu anayepokea fedha na papo hapo akaziandika mwenyewe, siku akishikwa na shida, hana ukuta wowote mbele yake. Leo anachukua laki tano za mteja wa kwanza. Kesho fedha za mteja wa pili anaziandika kwa jina la wa kwanza. Kesho kutwa za wa tatu zinaziba pengo la wa pili, na mchezo unaendelea miezi na miezi mpaka siku atakapougua, au atakapolazimika kwenda likizo na mwingine kushika daftari. Ndiyo maana mkaguzi akiambiwa kwa fahari kwamba mhasibu wa hapa hajachukua likizo kwa miaka minne, ilhali sheria inampa siku 28 kila mwaka, anachokisikia si sifa ya uchapakazi.

Sasa tuje kwenye hilo neno "ngazi ya kati". Serikalini ngazi zina majina yanayoeleweka: kuna Mhasibu Msaidizi, kuna Mhasibu Daraja la II na Daraja la I, kuna Mhasibu Mwandamizi. Sekta binafsi kila mwajiri hulijaza neno hilo atakavyo. Kwangu mimi, mhasibu wa ngazi ya kati ni yule ambaye ukimkabidhi vocha, ankara, taarifa za benki na orodha ya mishahara, atafunga mwezi bila kusimamiwa kila hatua, na urari, yaani jedwali la kulinganisha jumla za debiti na krediti, ukigoma kulingana atajua pa kuanzia kutafuta. Tena ni yule ambaye mkurugenzi akileta risiti ya mafuta ya gari la mkewe na kusema iingizwe kwenye gharama za ofisi, hatabishana naye wala hatatii kimyakimya, bali atamwambia kwa heshima kwamba ataiandika kwenye akaunti binafsi ya mkurugenzi. Sifa hii ya pili huwezi kuiona kwenye cheti.

Kuhusu CPA(T), mimi ninayo na ninaiheshimu, lakini kwa nafasi hii umeiweka kama pambo. Tafuta mhitimu wa IFM, TIA, Chuo cha Uhasibu Arusha, CBE, Mzumbe au kwingineko, aliyekaa kazini miaka 3 au 4 na ambaye tayari amejisajili NBAA na kuvuka angalau sehemu ya mitihani ya Bodi. Lakini jipange kwa jambo moja: mitihani hiyo hufanyika Mei na Novemba. Kama mwaka wenu wa hesabu unaisha Desemba, ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi 6, yaani ifikapo mwisho wa Juni, kwa hiyo Mei mtu wako atakuwa anakesha na vitabu wakati wakaguzi wanakesha na mafaili yako. Kubalianeni likizo ya masomo siku ya kwanza, isije ikawa ugomvi.

#3 Mama Nyavu wa Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi ninauza nyavu na vifaa vya uvuvi, nina wafanyakazi 7 tu, na haya ya kugawanya kazi za watu watatu nimeyasoma nikacheka kwa uchungu. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hakuna aliyeniambia kwamba daftari lenyewe linataka watu watatu. Mhasibu wangu ni mmoja, fedha anapokea yeye, anaandika yeye, na ritani ni yeye. Nimfukuze?

#4 Mkaguzi wa Zamani

Marahaba dada yangu, na hapana, usimfukuze. Huenda ni mwaminifu kuliko sisi sote hapa. Mtu wa pili katika ofisi yako ni wewe mwenyewe. Muuzaji wa dukani ndiye apokee fedha na kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, jioni akupe ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kutoka kwenye mashine hiyo, pamoja na fedha za siku hiyo, na mhasibu aandike baada ya wewe kuona kwamba vinalingana. Katika huduma ya benki ya mtandaoni mhasibu aandae malipo, lakini mwidhinishaji uwe wewe, kwa simu yako na neno lako la siri ambalo hatalijua hata siku ukiwa msibani Sengerema. Taarifa ya benki ije kwako moja kwa moja, siyo kupitia kwake, na ujumbe wa lipa namba uingie kwenye simu iliyo mikononi mwako. Kisha kila mwezi mkae nusu saa muipitie taarifa ya usuluhishi wa benki, ile inayolinganisha daftari lako na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, na uulize hata pale unapoelewa.

#5 Mhasibu Asiye na Ajira

Wakuu, niruhusuni niseme kwa niaba ya yule aliyeandikiwa barua akakataa, kwa sababu ninadhani ninaijua sababu yake hata kama hakuisema.

Mshahara wa 1,500,000 ukiusoma kwenye tangazo unapendeza. Toa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo ni 150,000. Kiasi kinachotozwa kodi kinabaki 1,350,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa kiasi hicho ni 128,000 kwa ile milioni ya kwanza, pamoja na asilimia 30 ya 350,000 iliyozidi, ambayo ni 105,000, jumla 233,000. Mkononi imebaki 1,117,000. Wengi wetu tuliosoma shahada kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000 nyingine, na hapo tunazungumzia 892,000. Kwa fedha hiyo anatakiwa kukaa ofisini siku sita, labda akitokea Chanika au Mbagala, kubeba dhamana ya fedha taslimu, kusimamia ghala, na kuitwa mhasibu mkuu siku wakaguzi wakifika. Huyo hakukataa kazi, mkuu. Alipiga hesabu, na ninyi mlikuwa mnatafuta mtu anayejua kupiga hesabu.

La pili ni hili la kukaa ofisini siku zote. Ankara siku hizi zinatumwa kwa barua pepe, benki iko kwenye kompyuta, ritani zinawasilishwa mtandaoni, mishahara inalipwa bila mtu kunyanyuka. Je, ni lazima kweli mhasibu apande daladala mbili kila asubuhi ili akaandike kwenye kompyuta yenu kile ambacho angeweza kukiandika kwenye yake?

#6 Mleta Mada

Ndugu yangu, hesabu yako nimeirudia kwa kikokotoo na ni sahihi, na ninakiri kwamba sikuwahi kuipiga kwa upande wa mwombaji. Niliipiga kwa upande wetu tu: mshahara 1,500,000, NSSF ya mwajiri 150,000, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ya asilimia 3.5 ambayo ni 52,500, kwa kuwa sisi tunazidi wafanyakazi 10, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, wa asilimia 0.5 ambao ni 7,500. Jumla 1,710,000 kila mwezi. Sisi tunaona tunatoa 1,710,000 na yeye anaona anapokea 892,000. Inawezekana kabisa kwamba katika usaili kila upande ulikuwa unazungumzia mshahara wake.

Kuhusu ofisi, nitakujibu kwa yaliyotupata. Mhasibu aliyeondoka alikuwa mtu mwema na hakutuibia, lakini kwa kuwa alizoea kufanya mambo mengi akiwa nyumbani, akaunti yetu ya TRA mtandaoni ilikuwa imeunganishwa na namba yake ya simu, nakala ya hesabu zetu ilikuwa kwenye kompyuta yake binafsi, na mafaili mawili ya ankara za wasambazaji yalikuwa sebuleni kwake. Alipopata kazi mkoani tulikaa karibu wiki tatu tukifuatilia namba, kubadilisha nywila na kusubiri basi lituletee boksi la mafaili. Tena kazi yetu yenyewe ni ya karatasi na ghala: dereva anarudi na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na fundi kwenye eneo la ujenzi, yenye mifuko 200 ya saruji ilhali ankara inasema 220, na swali hilo linatakiwa kuulizwa dereva akiwa bado amesimama mlangoni, siyo Ijumaa kwa simu.

Hata hivyo nakubali kwamba neno "siku zote" tuliliandika bila kufikiri. Sijaona sababu ya mtu kuja Jumamosi kuandaa orodha ya mishahara.

#7 Mkaguzi wa Zamani

Hapo umesema vizuri, na mimi ninaongeza kwamba akaunti ya TRA, ya NSSF na ya benki ziunganishwe na simu ya ofisi, inayolala ofisini. Sasa niseme kuhusu usaili wenyewe, kwa sababu hata ukirekebisha tangazo, ukiendelea kuuliza "eleza kanuni za uhasibu" utaendelea kupata wasomaji wa vitabu.

Mpe mwombaji saa moja na nusu, meza tulivu, kikokotoo, karatasi na penseli, kompyuta usimpe. Mimi nilikuwa natumia zoezi la usuluhishi wa benki lenye mitego mitano. Daftari la fedha la kampuni linaonyesha salio la 18,640,000; taarifa ya benki inaonyesha 21,455,000. Ndani yake kuna hundi ya 2,300,000 ambayo msambazaji hajaipeleka benki, na kuna fedha 600,000 zilizopelekwa benki jioni ya siku ya mwisho ambazo benki iliziingiza kesho yake. Kuna makato ya benki ya 45,000 ambayo daftari haliyajui. Kuna malipo ya msafirishaji ambayo benki imetoa 540,000 ila mwandishi wa daftari akaandika 450,000. Na kuna 1,250,000 iliyoingia benki bila jina la mteja wala maelezo.

Anayejua kazi atafika 19,755,000 kwa pande zote mbili. Lakini jibu la mwisho si ndilo unalolitafuta. Kaa pembeni uangalie anavyotembea. Mhasibu aliyekomaa akibakiwa na tofauti ya 90,000 atajaribu kuigawa kwa 9, ataona inagawanyika, na hapo hapo ataanza kutafuta tarakimu mbili zilizopinduliwa. Hilo halifundishwi kwa mstari mmoja wa wasifu. Ni alama ya usiku aliokwisha kukesha na urari wenye ukaidi.

Kipimo kikubwa kuliko vyote kimefichwa kwenye ile 1,250,000 isiyo na mwenyewe. Mwenye haraka ataiandika kuwa mauzo ili karatasi ilingane. Muulize kwa upole: risiti ya EFD ya mauzo hayo iko wapi? Akiiandika kuwa mauzo bila risiti, mauzo ya daftari yatazidi mauzo ya mashine, na siku TRA wakilinganisha utaanza kueleza fedha usiyoijua. Mtu unayemtaka ataiweka kwenye akaunti ya muda, ataandika jina lake na tarehe pembeni, na atakuambia kwamba kesho asubuhi angeanza kwa kuwauliza watu wa mauzo na benki. Nilipata kumwajiri dada mmoja ambaye hesabu yake ilikuwa na kosa la kujumlisha, lakini kuhusu fedha hiyo aliandika maneno mawili tu, "sijui, nitauliza". Alikaa nasi miaka 6.

Kama unataka swali fupi la kodi, mpe ankara ya mwanasheria ya 2,000,000 kabla ya VAT, umwombe aandike anamlipa kiasi gani na anazuia kiasi gani cha kodi kwa ajili ya TRA.

#8 Mhitimu Mpya

Mkuu Mkaguzi, naomba nijaribu hilo la mwanasheria. VAT ni asilimia 18, yaani 360,000, ankara yote inakuwa 2,360,000. Kodi ya zuio kwa huduma za kitaalamu ni asilimia 5, kwa hiyo tunazuia 118,000 na kumlipa 2,242,000.

#9 Mhasibu Asiye na Ajira

Mdogo wangu, umekaribia sana. Kodi ya zuio hupigwa kwenye thamani ya huduma, siyo kwenye VAT, kwa sababu VAT si kipato cha mwanasheria. Yeye anaipokea kwa niaba ya serikali. Asilimia 5 ya 2,000,000 ni 100,000, naye analipwa 2,260,000. Hiyo 100,000 inakwenda TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, sawa na PAYE, na mwanasheria anapewa hati ya kodi ya zuio, ambayo ataidai kwako kwa simu kila siku mpaka umpe. Usiogope kukosea hapa. Mimi kosa hilo nililifanya nikiwa kazini, na lilirekebishwa kwa barua tatu.

#10 Afisa Utumishi

Nimesoma uzi huu kimya tangu asubuhi, na niongeze machache ya upande wangu. Ondoeni kabisa sharti la umri usiozidi miaka 35. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, na umri umetajwa waziwazi humo, sambamba na ujauzito na hali ya ndoa, ambavyo navyo nimeona baadhi ya wasaili wakivichokonoa kwa kisingizio cha mazungumzo ya kawaida. Zaidi ya sheria, mhasibu wa miaka 44 aliyepunguzwa kazi mahali fulani anaweza kuwa ndiye mtu wenu.

Mkataba uwe wa maandishi, ueleze kazi, kituo, saa na mshahara. Sheria hiyo inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, na mhasibu ni mtaalamu, hivyo mkataba wa miaka 2 unaoweza kuhuishwa ni halali. Wekeni kipindi cha majaribio cha miezi 6 na mkitumie kweli: mwisho wa mwezi wa kwanza, wa tatu na wa tano mkae naye, muandike mlichokiona, naye asaini. Ni kweli kwamba masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamgusi aliye kazini kwa chini ya miezi 6, lakini nimewaona waajiri wengi wakisimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mikono mitupu, kwa sababu walikumbuka kuandika maonyo mwezi wa tisa.

Wadhamini msiwapigie kwa namba zilizo kwenye wasifu peke yake. Tafuteni namba ya ofisi ya mwajiri wa zamani mwenyewe, na baada ya mazungumzo yote muulize swali moja: huyu akirudi kesho kuomba kazi, mtampokea? Sikilizeni ukimya kabla ya jibu. Uanachama wa NBAA uhakikisheni kwa Bodi yenyewe. Na zile nakala za vyeti na vitambulisho vya watu 9 mliowasaili, zitunzeni mahali penye kufuli, kwa sababu tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023 si jambo la kuacha kwenye meza ya mapokezi.

#11 Mama Nyavu wa Mwanza

Mwanangu Afisa Utumishi, na aliye ndugu je? Nina mtoto wa marehemu dada yangu, amemaliza CBE, na familia nzima inaniangalia.

#12 Afisa Utumishi

Mama, sheria haikukatazi kumwajiri ndugu. Jiulize tu kama siku daftari likipungua utaweza kumuuliza mbele ya watu kama ungemuuliza mgeni, na kama bibi yake akikupigia simu usiku huohuo utabaki na msimamo wako. Ukiona utashindwa, msaidie apate kazi kwa rafiki yako, na wewe umchukue wa rafiki yako.

#13 Mleta Mada

Wakuu, nimerudi na taarifa. Nimekaa na mkurugenzi jana mchana, nikamwonyesha uzi huu kwa simu yangu. Ile sehemu ya mafuta ya gari la mkewe niliipitisha haraka. Tumekubaliana hivi.

Kazi ya kupokea fedha inabaki kwa msichana wa mauzo, ambaye atapandishwa cheo awe mtunza fedha na kuongezewa laki moja na nusu. Ghala linarudi kwa mtunza ghala, na mhasibu atakuwa na kazi ya kuhesabu naye mali mara moja kwa mwezi bila kumtangulizia taarifa. Hesabu za mwaka ataziandaa mtaalamu wa nje kama ilivyokuwa zamani. Mhasibu tunayemtafuta atafunga mwezi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, ataandaa mishahara, PAYE, NSSF, kodi ya zuio na VAT, atafanya usuluhishi wa akaunti mbili za benki na za lipa namba kila wiki, na atafuatilia madeni ya wateja. CPA si sharti. Anayeisomea atapewa siku 10 za likizo ya masomo kwa kila msimu wa mitihani atakaofanya. Kazi ni ya ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi tumeifuta. Umri tumeuondoa.

Mshahara umekuwa 1,800,000 kabla ya makato, na safari hii katika tangazo tumeandika pia kiasi kinachobaki mkononi kwa asiye na deni la Bodi ya Mikopo, ambacho ni 1,306,000, ili mtu akiacha kuomba aache akijua. Mkurugenzi alisita kwenye tarakimu hii, nikamwonyesha faini ya kuchelewesha ritani tuliyolipa mwezi wa tano, akasaini.

Zoezi la usuluhishi wa benki litafanywa na wote watakaoitwa, kabla ya mazungumzo yoyote. Tangazo linatoka Jumatatu.

#14 Mama Nyavu wa Mwanza

Mwanangu, hongera. Lakini umesahau kwamba hao waombaji wako nao wanasoma hapa. Mkaguzi ameweka zoezi zima hadharani na majibu yake.

#15 Mleta Mada

Mama, nililiona hilo juzi usiku. Tarakimu zote nimezibadilisha, isipokuwa ile tofauti ya 90,000.